Karani Asiye na Mtani

Kiwandani kwetu, kule Chang'ombe, kulikuwa na watu wa kila pembe ya nchi, na mmoja tu ambaye hakuna aliyejua katoka pembe ipi. Huyo alikuwa Karani. Kila asubuhi alisimama langoni na daftari kubwa, penseli sikioni, suti yake ya chunlai imefungwa vifungo hadi kooni hata kama jua la Februari linachoma, akaita majina. Aliita jina zima, lako na la baba yako na la babu yako, hata kama king'ora kimeshalia na nyuma yako kuna foleni. Ukiitika, alikutazama kwanza kuhakikisha kwamba sauti na uso ni vya mtu mmoja, ndipo akaweka alama. Ukichelewa hakufoka. Alisema tu, "Umechelewa," kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, na wewe ungetamani afoke yaishe.

Kuhusu kwao, kila mtu alikuwa na kisio lake. Kondo, Mzaramo wa Mbagala aliyeendesha mashine kubwa ya kukandamizia masufuria, aliapa kwamba Karani ni mtu wa Rufiji kwa jinsi anavyokula wali. Mama wa kantini alisema ni wa Bukoba kwa jinsi anavyojisikia. Mie nilisema Kigoma, na sababu siikumbuki tena. Kwenye fomu ya kiwanda, mahali pa kabila, mwenyewe aliandika "Karani". Meneja alipomrudishia fomu arekebishe, akarekebisha: akaandika "Karani Mkuu".

Jambo hili lisingekuwa na uzito wowote kama si utani. Vijana wa siku hizi wanautaja utani kama mzaha tu, lakini kwetu ulikuwa unakaribia undugu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kitu chako na hudai. Siku ukifiwa anakuja kuvuruga msiba mpaka wanaolia wanacheka, na hata njiani analala chini jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya watu kichwani. Kwa hiyo Kondo alikuwa mtani wangu bila kuandikishwa popote. Alikuwa na wimbo mmoja tu kuhusu sisi: kwamba Mnyamwezi akiona mzigo hawezi kuupita bila kuubeba, hata kama si wake. Siku niliyoolewa alichukua mwavuli wangu mpya mbele ya wakwe zangu, akautumia masika mawili, na mie nilijisikia nimefika mjini.

Mtu asiye na mtani aliheshimiwa, lakini kwa heshima ile wanayopewa wageni. Karani, kwa kuwa hakutaja kabila, hakuwa na mtani hata mmoja. Hakuna aliyemtania, hakuna aliyemgusa, na hakuna aliyejua siku yake ikifika ni nani atakayelala njiani. Sie tulidhani halimsumbui.

Kabla serikali haijakichukua kiwanda, wenyewe wa zamani walitupanga kama chumvi na sukari. Watu wa huku kwenye tanuri, watu wa kule kwenye msasa, wa mbali zaidi getini na rungu. Hata kantini mabenchi yalikuwa na makabila yake bila kibao chochote, na mtu mpya alijua pa kukaa kwa kusikiliza lugha. Azimio lilipokuja na kiwanda kikawa chetu, Karani alitusomea tangazo kwamba sasa sote ni ndugu. Tukapiga makofi, tukaenda kula, kila mtu kwenye benchi lake.

Karani alisimama mlangoni akatutazama tunavyotafuna. Kesho yake ubaoni kulikuwa na orodha ya viti vya kantini, imepigwa taipu, ina muhuri. Hakuna watu wawili wa kabila moja waliokaa benchi moja. Mpare aliwekwa ubavu kwa ubavu na Mchaga, akasema hata mahakamani hajawahi kukalishwa hivyo. Mlinzi wetu wa usiku, Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma mwenye chale usoni, ambaye miaka yote alikula amesimama, alipewa kiti karibu na dirisha, pale ambapo watu walikuwa wakipagombania. Malalamiko yalipanda juu kama moto wa tanuri. Mie mwenyewe nilikwenda kuomba nihamishiwe kwa shoga yangu, Karani akanijibu kwa upole kwamba orodha haina shemeji. Alikuwa na msemo huo mmoja, na aliutumia hata pale usipohusika, kama vile mvua inaponyesha.

Sitaki kusema kwamba tulipendana kuanzia siku hiyo. Wiki ya kwanza tulikula kimya. Wiki ya pili tulianza kugombana, juu ya dagaa hasa, maana kuna waliotoka bara ambao hawakutaka hata kuwaona wale wadudu, kama walivyowaita. Wiki ya tatu mtu wa bara mmoja alionja. Baada ya mwezi mama wa kantini alikuwa analalamika kwamba dagaa hawatoshi.

Alikuwa na mipango kwa kila jambo. Mwezi wa Ramadhani aliwapanga Wakristo zamu ya magharibi ili Waislamu wakafuturu kwao, na Krismasi akawapanga Waislamu ili sisi twende kanisani. Lilikuwa jambo jema, isipokuwa mwaka mmoja alimwandika Yohana wa stoo kwenye orodha ya wafungaji. Yohana, kwa hofu ya orodha, alifunga siku nne kabla ya kuthubutu kuuliza. Karani alimwomba radhi kwa barua, nakala ubaoni, na siku nne zile hakukubali kuzifuta kwenye daftari kwa sababu zilikuwa zimefungwa kweli.

Mie mwenyewe niliingia kwenye mashine kwa mlango wake. Wanawake tulikuwa tunafungasha tu, huko nje kwenye banda, na meneja alishasema hatuwezi kuingia ukumbi wa mashine kwa kuwa kanga zitanaswa na mikanda. Karani hakubisha. Siku iliyofuata alifika kazini amejifunga kanga juu ya suti yake, moja kiunoni, moja mabegani, akapita kati ya mashine asubuhi nzima akiwa ameshika daftari, mbele ya meneja, mbele ya sote. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Saa nne mkanda ulinasa kweli, ukararua, na kilichoraruka ni mguu wa suruali ya Kondo aliyekuwa amegeuka kumtazama. Karani aliandika kwenye daftari: "Suruali moja. Kanga hakuna." Wiki iliyofuata wote tuligawiwa ovaroli, wanawake kwa wanaume, nami nikaingia ukumbini. Kanga zile alizirudisha kwa mwenyewe zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi.

Lakini mtu huyu aliyetuchanganya kama pilau, yeye mwenyewe alikula peke yake. Alikuwa na kigoda cha mninga cha miguu mitatu, alichokuja nacho toka sijui wapi, akakiweka karibu na mlango wa kantini, akala hapo na sahani magotini. Wakati tunaambiwa kila kitu ni cha wote, kigoda kile kilikuwa mali yake binafsi, na hata meneja hakukigusa. Kondo alimsema pembeni kwamba bepari wa mwisho Temeke nzima kakalia miguu mitatu. Mbele yake hakuthubutu. Siku moja nilimuuliza Karani kwa nini hakai benchini na sisi. "Nikikaa benchi moja, mengine yatasemaje?" alisema, akaendelea kutafuta mawe kwenye wali.

Sasa nifike kwa Kanji. Alikuwa fundi wetu, Mhindi mwembamba wa miwani, aliyebaki wenyewe wa zamani walipoondoka. Mashine ya Kondo ilipogoma, Kanji aliiwekea sikio kama daktari, akagonga mahali pamoja, ikaendelea. Siku moja kwenye mkutano wa wafanyakazi mtu alisimama akasema wakati umefika kazi ya fundi ipewe mwananchi. Kanji akachomoa kadi yake ya uraia mfukoni. Yule mtu akasema kadi ni karatasi tu. Akasema huyu si mwenzetu, hata kumtania huwezi, na mtu usiyeweza kumtania utafanyaje naye kazi? Watu walipiga makofi. Mie nilikuwa miongoni mwao, na mpaka leo nikikumbuka viganja vinaniwasha.

Karani aliinua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, tatizo ni kadi au ni utani?"

Mwenyekiti akafikiri, akasema ni utani.

"Basi hilo ni la utawala," Karani akasema, akaandika, akakaa.

Jumatatu tukakuta tangazo ubaoni. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo Ndugu Kanji ni mtani wa Wazaramo wote wa zamu ya kwanza, na kwamba Wazaramo wa zamu ya pili wasubiri tangazo lingine. Hatukujua tucheke au tukate rufaa. Utani ni jambo la mababu, halipigwi muhuri. Lakini kwenye daftari la Karani lilishaingia, na kila mtu alijua kwamba mtani wa mtu hafukuzwi kazi na mtu yuleyule. Kondo, aliyekuwa amepiga makofi kuliko wote mkutanoni, alibaki amekodoa macho mbele ya ubao.

Mwanzoni Kanji alikuwa hafai kabisa. Aliomba radhi kabla ya kutukana. Alikuja asubuhi mpaka kwenye mashine, akavua miwani, akasema, "Samahani Kondo, wewe mvivu," akaondoka haraka. Kisha akachukua chombo cha chakula cha Kondo, akala samaki wote, akakirudisha kimeoshwa na kachori mbili ndani. Kondo alimweka chini akamfundisha kama mtoto wa chuo: ukichukua, hurudishi, ukitukana, huombi radhi, na msibani unadai kwanza, pole baadaye. Kanji aliandika yote kwenye kijitabu. Baada ya miezi michache Kondo alikuwa hawezi kuwasha mashine kabla Kanji hajapita kumtukana, na lile suala la kazi ya fundi halikurudi tena mkutanoni.

Halafu mama yake Kondo akafariki. Kiwanda kilitoa lori, tukaenda Mbagala, ambako wakati ule kulikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Jamaa zake walikuwa wametoka Maneromango, wazee wasiojua habari za ubao wetu wa matangazo. Wanawake tulikuwa uani. Wanaume wakanyanyua jeneza, na kabla hawajafika njiani nikamwona Kanji, shati jeupe limepigwa pasi, anakunjua leso yake, anaitandika vumbini, analala juu yake katikati ya njia.

"Marehemu hapiti," alisema, "mpaka nipewe jogoo."

Kilio kilikatika. Mtani akifanya hivyo ni haki yake, lakini asiye mtani akifanya hivyo ni tusi ambalo watu hulilipia kwa damu. Mjomba wa Kondo, mzee mrefu, aliinua fimbo. Karani alikuwa amesimama kando ya lori, daftari mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aandike nini. Kanji alifumba macho, lakini hakuinuka. Kijitabu kilikuwa kimesema usiinuke.

Kondo aliwaachia wengine jeneza, akaja mbele na uso umelowa machozi.

"Mjomba, teremsha fimbo," alisema. "Huyo ni mtani wangu."

"Mtani wa wapi, Mhindi huyu?"

"Wa kazini. Mpeni jogoo, mama asichelewe."

Mzee alimtazama mpwa wake, akamtazama Kanji pale chini, akaiteremsha fimbo, akaiegemea. Mwisho akasema jogoo ni mkubwa mno kwa Mhindi mwembamba hivi, jogoo ndiye atakayembeba badala ya kubebwa, mpeni kifaranga. Nikasikia kicheko kinatoka kwa Kondo katikati ya kilio, halafu kwa mjomba, halafu uani kwetu, hata dada zake marehemu walishika mbavu. Kanji alikabidhi kifaranga kwa mama wa kantini, akapokezana jeneza na wenzake mpaka makaburini.

Kwenye lori wakati wa kurudi Karani alikaa karibu yangu. Hakuwa mtu wa mazungumzo, hivyo nilishtuka aliponiuliza.

"Na mie atalala nani njiani?"

Nikamwambia ataje kabila lake leo hii, kesho tutampatia watani wa kutosha kujaza lori. Alitikisa kichwa.

"Nikitaja, nusu yenu mtakuwa watani zangu na nusu mtakuwa wageni. Orodha nitaipanga vipi?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama sikuweza. Mtu aliyempatia kila mmoja mahali pa kukaa alikuwa amejiachia kigoda karibu na mlango. Nikamwambia kuna vumbi.

Miaka ikapita, Karani akastaafu, tukaingia kwenye miaka ile ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Tukasikia anaumwa kifua, anakaa Kipawa, chumba kimoja, na ndege zinampitia juu ya bati. Mie na Kanji tukapanga kwenda kumwona. Kondo alikuwa amerudi Maneromango kulima mihogo na miguu haikumruhusu kusafiri, lakini alituma salamu kwa mtu. Kwangu zilikuwa fupi: wewe ni Mnyamwezi, usirudi mikono mitupu. Nilidhani ni utani wake wa siku zote. Nilifunga sukari kidogo kwenye gazeti, Kanji akabeba kachori.

Tulibisha hodi. Karani alifungua, amekonda, suti ileile imefungwa hadi kooni, penseli sikioni. Tukampa shikamoo. Akatuita majina yetu mazima, mimi na baba yangu na babu yangu, Kanji na wake, kisha akatazama saa.

"Mmechelewa," alisema.

Tulikaa kwenye jamvi, yeye juu ya kigoda chake. Alituuliza habari za kila mtu kwa kufuata alfabeti. Nilipomuuliza habari za majirani, alisema ni watu wazuri, wanamheshimu sana, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa alioambiwa hautibiki. Mwezi uliopita alianguka uani, majirani wakambeba wakamlaza kitandani, wakatoka nje wakanong'ona. "Nusu saa nzima," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyepaza sauti." Nikajua anachokihesabu. Alikuwa amesikia jinsi msiba wake utakavyokuwa.

Akainuka kwenda kuchukua vikombe kwenye korido. Nikakitazama kigoda. Kanji akanitazama mimi. Ndipo nikazielewa salamu za Kondo.

"Samahani, Karani," Kanji alinong'ona kuelekea mlangoni, maana tabia haifi, na mie nikakivuta kigoda nikakishika.

Karani alirudi, akasimama na vikombe vitatu.

"Kigoda changu kiko wapi?"

"Nimekichukua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikasimama wima kama mtu anayesoma ubaoni. "Tangazo. Kuanzia leo, Karani ni mtani wa zamu zote."

Ndege ikapita juu, tukasubiri imalize. Karani aliweka vikombe chini, kimoja kimoja. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Tangazo halina sahihi," alisema.

Kanji alinyoosha mkono, akamtoa penseli sikioni. Hakuna binadamu aliyewahi kuigusa penseli ile. Akamimina sukari kikombeni, akaandika tangazo pembeni mwa gazeti, akatia sahihi yake, nami yangu, na ya Kondo kwa niaba. Karani akalisoma mara mbili. Akadai penseli yake, akaongeza nukta moja iliyokosekana, akalikunja gazeti na kulitia mfukoni upande wa moyo. Halafu akanigeukia, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuruka mfereji.

"Wewe Nyamizi," alisema. Tukangoja. "Wewe Nyamizi... unachelewa."

Kanji aliinamisha kichwa. "Hata mie nilianza vizuri kuliko hapo," alisema.

Basi nikaona nimsaidie. Nikakiweka kigoda kichwani, nikatoka bila kuaga, nikashika njia kati ya nyumba kama mwenye mali. Nyuma yangu nilisikia kandambili zikigonga, kikohozi, kisha kimya. Nikadhani amerudi ndani. Nikaanza kujuta.

"Jamani tokeni mwone," sauti ikapanda, ile sauti ya langoni, lakini safari hii imefunguliwa hadi mwisho. "Mwoneni Mnyamwezi huyo. Kaona mzigo, kasahau hata kwaheri."

Milango ilifunguka. Watu walitoka, wengine na miko mikononi, na jirani mmoja mwenye kifua kipana akauliza kwa haraka kama huyu mama ni mwizi, akamatwe.

"Mwacheni," alisema Karani. "Huyo ni mtani wangu."

Sikugeuka. Kigoda cha mninga ni kizito, nami nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na nyuma yangu bado alikuwa anawaeleza majirani, mmoja mmoja, kwa jina zima, jinsi Wanyamwezi walivyo.